Bocha, Boche na Kazi ya Msaidizi

Wafasiri wengi huchanganya bocha na boche. Kwa Kiitaliano ni neno lile lile, umoja na wingi, lakini michezo ni miwili. Boche huchezwa katika Olimpiki Maalumu na wenye ulemavu wa akili. Bocha, iliyoingia Paralimpiki mwaka 1984, huchezwa na waketio katika viti vya magurudumu: mipira sita myekundu hushindana na sita ya samawati kuukaribia mmoja mweupe. Huo mweupe tunauita shabaha. Kitufe lingefaa, ila mafundi wa mashine wamekwisha kulichukua.

Penye uzito ni daraja la BC3. Mchezaji asiyeweza kurusha hutumia mfereji wa mteremko, na msaidizi huusogeza kwa amri yake huku ameupa uwanja mgongo. Mfasiri akiandika kwamba msaidizi “anamchezea”, amemnyang’anya mchezaji mtupo wake (na dhihaka haiko mbali). Tunapendekeza “anamshikia mfereji”. Anayelenga na kuuachia mpira ni mchezaji, kwa mkono, kwa kinywa au kwa kijiti kilichofungwa kichwani.