Kusudi Moja Latosha

Kila tarehe 1 Januari nyumba nyingi za Luberizi hujaa ahadi: baba aacha kasiksi, mama aweka akiba, mtoto ashika kitabu. Baada ya majuma machache, ahadi hizo zi wapi? Katika miaka ya 1980 mtaalamu John Norcross wa Marekani aliwafuata watu 200 waliojiwekea makusudi. Juma moja lilipopita, 77 kwa mia walikuwa wakiyashika bado. Miaka 2 ilipopita, 19 kwa mia tu.

Mara nyingi si moyo uliopungua, bali kusudi ni pana mno. “Nitaweka akiba” halina siku wala kipimo. Heri mkulima wa uwanda wa Ruzizi aseme: “Nikiuza mpunga, katika kila magunia 5, fedha za gunia 1 ni za masomo ya binti yangu; nitamkabidhi mama yake kabla sijapita kilabuni.” Kusudi hilo lina siku, kipimo na shahidi.

Nawe ukianguka, usingoje Januari nyingine. Inuka kesho yake. Binti hatakumbuka ahadi za baba. Atakumbuka kwamba hakufukuzwa darasani.