Alama ndogo zinazochora ramani ya kijiji

Kijiji kinapoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, mara nyingi huletewa ramani ya rangi iliyotokana na picha za satelaiti. Kijani ni msitu, kahawia ni mashamba. Mkulima wa Kingerikiti akikuta shamba lake la kahawa limepakwa rangi ya msitu, ana haki ya kuuliza nani ameamua hivyo. Mara nyingi jibu limejificha kwenye alama moja ya kulinganisha iliyoandikwa kwenye kompyuta. Makala hii inaeleza alama hizo ili wananchi waweze kuuliza maswali yanayofaa.

Picha ni namba

Picha ya satelaiti ni miraba midogo iliyopangwa kwa safu. Mraba mmoja wa picha za Landsat za Marekani una upande wa mita 30. Sentinel-2 ya Ulaya, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, hutoa miraba ya mita 10. Kila mraba una namba zake. Kwa mimea hutumika kipimo cha ukijani kiitwacho NDVI, chenye thamani kati ya -1 na 1. Maji, kama ya Ziwa Nyasa, kwa kawaida huwa chini ya 0. Udongo mtupu huwa juu kidogo ya 0, na majani mengi mabichi hukaribia 1.

Kazi ya alama

Alama huuliza swali kwa kila mraba. Jibu likiwa ndiyo, mraba hupewa 1. Likiwa hapana, hupewa 0.

> zaidi ya
>= kuanzia hapo kwenda juu
< chini ya
<= isiyozidi
= sawa na (baadhi ya programu huandika ==)
!= si sawa na

Tuchukulie miraba mitatu yenye 0.3, 0.6 na 0.7. Tukiandika NDVI > 0.6 tunapata 0, 0, 1. Tukiandika NDVI >= 0.6 tunapata 0, 1, 1. Mraba mmoja umegeuka msitu bila mti wowote kupandwa!

Tofauti hiyo ipo hata katika tafsiri rasmi za msitu. Shirika la FAO linataka miti inayozidi mita 5 na kivuli cha matawi kinachozidi asilimia 10 ya eneo. Tanzania inakubali miti kuanzia mita 3 na kivuli kisichopungua asilimia 10.

Kuunganisha maswali mawili

Tukitaka miraba iliyo kati ya 0.3 na 0.6, tunaweza kushawishika kuandika 0.3 < NDVI < 0.6 kama tulivyozoea shuleni. Baadhi ya programu hukataa. Nyingine hujibu sehemu ya kwanza, kisha hulinganisha jibu hilo, yaani 1 au 0, na 0.6. Mraba wa 0.5 hupata 1 kwanza, na kwa kuwa 1 si chini ya 0.6, huishia 0. Udongo mtupu wa 0.1 hupata 0 kwanza, kisha huishia 1. Ramani imepinduka, na kompyuta haikulalamika.

Njia salama ni (NDVI > 0.3) * (NDVI < 0.6). Majibu yote mawili yakiwa 1, zao lake ni 1. Moja likiwa 0, zao ni 0.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuipokea ramani

1. Kikomo kilichotumika ni kipi, na kilihakikiwa kwa kutembelea maeneo gani?
2. Picha ilipigwa mwezi gani? Miti mingi ya miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Picha ya Septemba inaweza kuonyesha msitu umetoweka, wakati ile ya Machi ingeuonyesha upo.
3. Kahawa iliyo chini ya miti ya kivuli imehesabiwaje? Satelaiti huona zaidi matawi ya juu.
4. Je, alama iliyotumika ni "zaidi ya" au "kuanzia"?

Mpango wa ardhi hupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Ramani isipokubaliana na shamba, mtaalamu na wanakijiji waende pamoja shambani, kisha kikomo na alama vipimwe upya kabla watu hawajanyoosha mikono.