Kuhamisha Orodha za Shule kwa Kompyuta

Katika shule nyingi siku hizi majina na alama za wanafunzi huandikwa katika jedwali la kompyuta, kama lile la Excel. Jedwali lafaa sana kwa mwalimu mmoja na darasa moja. Lakini orodha zikiwa nyingi, na watu wengi wakitaka kuzisoma, ni afadhali zitiwe katika hifadhidata. Hifadhidata ni ghala la habari lenye kanuni zake: kila mwanafunzi ana mahali pake, na programu ya shule yaweza kumtafuta na kuandika ripoti yake mara moja. Napenda kueleza jinsi habari zinavyohamishwa kutoka huku kwenda kule, na mambo yanayotaka uangalifu, kwa maana ripoti ya mtoto yategemea kazi hiyo.

Tuseme shule ina wanafunzi 600, na kila mmoja anasoma masomo 9. Hizo ni alama 5,400. Kuzinakili kwa mkono ni kazi ya siku nyingi, na makosa hayakosekani. Kwa hiyo twatumia maktaba ya msimbo, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha andikwa na mafundi wengine, nasi twazitumia kama seremala atumiavyo randa asiyoitengeneza mwenyewe. Mimi hutumia pandas, maktaba ya lugha ya Python, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Mmarekani Wes McKinney. Hifadhidata yangu ni SQLite, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000. Haina malipo, nayo yote hukaa katika faili moja, hata katika kompyuta isiyo na intaneti.

Hatua ni tatu. Kwanza, jedwali lahifadhiwa kama faili ya CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotengwa kwa mikato. Pili, amri iitwayo read_csv huyasoma. Tatu, amri iitwayo to_sql huyatia katika hifadhidata. Ni mistari michache tu ya msimbo, na mtu aweza kudhani kazi imekwisha. Sivyo.

Maktaba hiyo haijui maana ya habari zetu, hukisia. Ikiona safu yenye tarakimu tupu, huifanya kuwa hesabu. Namba ya simu ya mzazi huanza na sifuri, lakini katika hesabu sifuri ya mbele haina kazi, basi huondolewa. Namba ya tarakimu 10 hubaki na 9, na ujumbe wa shule haumfikii mzazi. Dawa yake ni kuiambia maktaba tangu mwanzo kwamba safu hiyo ni maandishi. Hata Excel yenyewe hufanya hivyo hivyo, kwa hiyo safu ya simu na iwekwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika.

Tarehe nazo zina hatari yake. Sisi tukiandika 5/8/2010, twakusudia tarehe 5 Agosti. Maktaba ikiagizwa kuigeuza kuwa tarehe, isipoambiwa kwamba siku hutangulia, huisoma kama Wamarekani, ikawa tarehe 8 Mei.

Tena kuna nafasi tupu. Mwanafunzi aliyepata 60 na 70, akaugua siku ya mtihani wa tatu, wastani wake katika mitihani miwili ni 65. Mtu akijaza sifuri mahali patupu, wastani washuka hadi 43. Tupu na sifuri si kitu kimoja, na hifadhidata yaweza kuvitofautisha kama sisi tukivitofautisha.

Baada ya kuhamisha, lazima kuhesabu. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wakuu wa afya wa Uingereza walikuwa wakipokea majibu ya vipimo na kuyapitisha katika faili za Excel za mtindo wa kale, ambazo haziwezi kuchukua zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje. Wagonjwa 15,841 hawakuhesabiwa kwa wakati wake, na watu waliokutana nao walichelewa kutafutwa. Kompyuta haikupiga kelele yoyote. Ndiyo sababu mimi huhesabu mistari ya jedwali, kisha ile ya hifadhidata, na hesabu mbili zisipolingana sitoi ripoti hata moja.

Mwisho, msimbo ukiendeshwa mara mbili, wanafunzi 600 waweza kuwa 1,200. Kinga ni kumpa kila mwanafunzi namba yake pekee, na kuiagiza hifadhidata ikatae namba iliyokwisha ingia. Tena yafaa kazi yote ifungwe pamoja: ama yote iingie, ama isiingie hata kidogo, ili umeme ukikatika katikati tusibaki na nusu ya darasa.

Wenzangu mnaojifunza kompyuta, jaribuni kwanza na mistari kumi mnayoweza kuikagua kwa macho. Nanyi wazazi, mkipata ripoti, tazameni jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Mkiona kosa, mwambieni mwalimu wa darasa mapema, kwa maana kosa lililo katika jedwali huhamia katika hifadhidata vile vile lilivyo.