Filamu na Watazamaji Wake (2): Hukumu Inayotolewa Baada ya Picha Kwisha

Maoni ya mtazamaji wa kawaida kuhusu filamu aliyoiona karibuni hayaanzi na sifa wala lawama. Huanza na kusimulia. Katika mitaa ya Cheyo, ndani ya Manispaa ya Tabora, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, picha iliyotazamwa jana usiku kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea video, au sebuleni kwa jirani husimuliwa leo kijiweni, saluni au njiani kwenda shule. Msimuliaji huonyesha ngumi kwa mikono yake, huigiza sauti ya adui, huruka pale palipomchosha na hukawia pale palipomgusa. Kule kuruka na kukawia ndiko hukumu yenyewe. Anayeuliza kama picha ni nzuri hupewa jibu fupi, kwa kuwa masimulizi yamekwisha kusema mengi.

Hukumu hiyo ina vigezo vyake, ingawa havijaandikwa popote. Kinachotazamwa kwanza ni mwenendo wa stelingi, yaani mhusika mkuu. Anaruhusiwa kupigwa, kufungwa na kusalitiwa, lakini hatarajiwi kufa kabla ya kulipa kisasi, na akifa mapema watazamaji huona wameibiwa kiingilio chao. Lakini ushindi peke yake hautoshi. Stelingi anayemdharau mama yake au kumwacha rafiki aliyemsaidia hupoteza watu hata akiwaangusha maadui wote. Halafu kuna suala la mambo kuingia akilini: mtu maskini anayelala kwenye kitanda cha thamani, mgonjwa mahututi aliyepaka rangi ya midomo, mwanakijiji asiyejua kushika jembe. Makosa haya yanaonwa upesi na watu ambao maisha yao ndiyo yanayoigizwa. Na mwishoni huja swali la funzo, ambalo wasomi wengi hulidharau bila haki. Mtazamaji anayeuliza picha imefundisha nini anataka kujua kama kosa lililotendwa lilipata matokeo yake. Swali hilo linahusu muundo wa hadithi kama linavyohusu maadili.

Upande huu wa magharibi ya Tanzania, desturi ya hadhira kuwa hakimu ni kongwe kuliko sinema. Kwa Wasukuma, ndugu na majirani wa Wanyamwezi wa Tabora, mashindano ya ngoma kati ya makundi ya Bagalu na Bagika huamuliwa na watu wenyewe. Manju, yaani kiongozi wa ngoma, mwenye mvuto huwavuta watu upande wake, na kundi lililobaki na watazamaji wachache limeshindwa. Hakuna jopo linalokaa pembeni kutoa alama. Watu waliolelewa na desturi ya namna hiyo hawakuhitaji kufundishwa na yeyote kwamba maoni yao yana uzito.

Wakoloni hawakuliona hilo. Kati ya mwaka 1935 na 1937 mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi 35 kutoka kituo chake cha Vugiri, katika milima ya Usambara. Fedha zilitoka taasisi ya Carnegie ya Marekani, na kazi iliongozwa na Meja L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham. Mada zake zilikuwa akiba ya posta, kilimo, safura na mengineyo ya aina hiyo. Sauti ilirekodiwa kando, katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusemwa kwa lugha mbalimbali. Lori lenye mtambo lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na waonyeshaji walitakiwa kuandika jinsi watu walivyoipokea kila filamu. Wazo la kuuliza lilikuwa jema, na kwa wakati ule lilikuwa nadra. Kasoro ilikuwa kwamba waulizaji walitaka kujua kama somo limeeleweka, huku watazamaji wakipima kama hadithi inapendeza. Ripoti ya mradi ilitoka mwaka 1937, na kazi ikakoma kwa kukosa fedha.

Baada yake ilikuja Colonial Film Unit, iliyoanzishwa London mwaka 1939 chini ya William Sellers, mtu aliyekuwa ameonyesha filamu za afya Nigeria. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema aonyeshwe picha za polepole, zisizo na hila za kamera, zisizoruka kutoka mahali hadi mahali. Nadharia hii ilitegemezwa na visa. Kinachojulikana zaidi kilisimuliwa na John Wilson mwanzoni mwa miaka ya 1960: wanakijiji walionyeshwa filamu fupi ya usafi, wakaulizwa wameona nini, wakajibu wameona kuku. Watengenezaji hawakuwa na habari ya kuku yeyote. Walipoukagua mkanda kipande kwa kipande wakamkuta kuku akikatiza pembeni mwa picha kwa muda wa sekunde moja hivi. Kisa hiki kimetumika miaka mingi kuthibitisha kwamba watazamaji hawakujua kutazama. Kinathibitisha kinyume chake. Wao waliona kilichokuwemo, na waliopiga picha ndio hawakukiona. Kisa kingine, cha watu walioonyeshwa mbu mkubwa kwenye pazia wakasema mbu wa kwao ni wadogo hivyo hawana hofu, kilisimuliwa kwa namna ileile kutoka koloni moja hadi jingine, na kufanana huko peke yake kunatosha kukitilia shaka.

Ni jambo la kutia moyo kwamba nadharia ya Sellers ilijibiwa Tanganyika kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilipigwa filamu za hadithi kwa Kiswahili, zikiigizwa na wenyeji, kwa ushirikiano wa serikali na kampuni ya Afrika Kusini. Muhogo Mchungu ndiyo iliyokumbukwa kuliko nyingine, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, kijana aliyepata kusoma Tabora na ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Watu walimiminika kuzitazama, kwa kuwa walisikia lugha yao na kuwaona watu wa aina yao wakitongoza, wakitapeliwa na kucheka.

Wakati huohuo sinema ya kulipia ilikuwa imekwisha kuota mizizi mijini. Zanzibar ilikuwa na jumba la Royal tangu mwaka 1921, na baadaye miji ya pwani na ya kando ya reli ikapata majumba yake, mengi yakimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara, na bidhaa za anasa kutoka pwani, filamu zikiwemo, zilipanda kwa njia hiyohiyo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, amekusanya kumbukumbu za watazamaji wa Tanzania wa miongo hiyo. Jambo linaloshangaza ni jinsi zilivyo hai. Wazee wanaikumbuka filamu ya Kihindi Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na wanaweza kueleza kilichowagusa: hakimu anayemfukuza mkewe kwa shuku, mwana anayekulia mtaani na kuwa mwizi, na swali kama mtu huzaliwa na tabia au huipata kwa malezi. Hawakujua Kihindi, lakini mgogoro wa baba na mwana, na wa mapenzi dhidi ya ndoa iliyopangwa na wazazi, ulikuwa wao. Mjadala ulioanzia mlangoni mwa jumba uliendelea barazani kwa siku nyingi, na katika mjadala huo kijana aliweza kuwaeleza wazee mambo ambayo asingethubutu kuyasema waziwazi. Hapo maoni kuhusu filamu yalifanya kazi kubwa kuliko filamu yenyewe.

Majumba yalififia kuanzia miaka ya 1980, deki za video zilipoenea. Kibanda umiza kilichukua nafasi yao kwa gharama ndogo: mabenchi, runinga, deki, na pazia zito la kuzuia mwanga. Kikaleta pia mtu mpya, mtafsiri. Aliyevuma zaidi Tanzania ni Lufufu, ambaye sauti yake ilisikika juu ya picha za ngumi za Hong Kong na za Hollywood alizozirekodi upya kwa Kiswahili. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina kundi zima la wanaoitwa vijei. Watu hawa hutafsiri maneno na kuongeza yao. Humsema mhusika anapofanya upumbavu, huonya kwamba adui amejificha nyuma ya mlango, hulinganisha mtaa wa ng'ambo na mtaa wa Dar es Salaam, na hupitisha harakaharaka maongezi marefu. Hukumu iliyokuwa ikitolewa baada ya picha kwisha ikaingizwa ndani ya picha yenyewe, na watazamaji wakailipia. Wapo wanaoona kazi hii kama uharibifu wa filamu. Sheria ya hakimiliki ina neno lake hapo, na neno hilo ni la haki. Lakini kwa upande wa sanaa ya kusimulia, mtafsiri hodari alifanya kile ambacho wataalamu wa miaka ya 1930 walishindwa kukifanya: alijua watu wake wanachoka wapi.

Filamu za nyumbani zilipoanza kuuzwa kwa wingi, hasa baada ya mafanikio ya Girlfriend ya mwaka 2003, kigezo kimoja kiliweka vingine kando kwa muda, nacho ni fahari ya kujiona. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, akawa uso wa fahari hiyo. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28, umati mkubwa ulijaza viwanja vya Leaders jijini Dar es Salaam kumuaga, na mikoani watu walifuatilia kwenye runinga. Mapenzi hayo hayakuwafumba macho watazamaji. Malalamiko yao yalikuwa bayana na yalirudiwa kila mahali: hadithi moja inakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, gari linapigiwa honi getini na kusubiriwa hadi liegeshwe, mhusika anatembea dakika nzima bila kusema neno, jina la picha ni la Kiingereza na maongezi ni ya Kiswahili, na kisa kimechukuliwa kutoka Nigeria au India bila hata kubadilishwa vizuri. Kila moja ya kasoro hizo ina sababu ya kibiashara. Msambazaji alilipa kwa filamu, na filamu yenye sehemu mbili ilileta mauzo mawili kwa gharama ya upigaji mmoja. Mtazamaji hakuijua hesabu ya msambazaji, lakini alilitambua tokeo lake kwenye kioo.

Waliotengeneza hawakusikia kwa wakati. Mwezi Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga filamu za nje zilizouzwa bila kulipiwa kodi. Dai lao lilikuwa na msingi, kwa kuwa filamu za ndani zilitakiwa kubandikwa stempu za kodi huku nakala haramu zikiuzwa bei ya chini. Hata hivyo watu wengi waliwajibu kwamba wenye kazi nzuri hawaogopi ushindani. Jibu hilo lilikuwa kali kupita kiasi, kwa sababu mtengenezaji wa Dar es Salaam hashindani kwa haki na nakala isiyomgharimu muuzaji chochote. Lakini lilikuwa limelimbikizwa kwa zaidi ya miaka kumi ya kununua sehemu ya pili.

Kuna aina ya maoni ambayo watu wa Tabora wana haki nayo kuliko wengine, nayo ni juu ya filamu zinazosimulia nchi yao. Mountains of the Moon, iliyotolewa mwaka 1990 na kupigwa kwa sehemu kubwa Kenya, inaeleza safari ya wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857. Mkenya Paul Onsongo anamwigiza Sidi Mubarak Bombay, mwongozaji wa msafara wao. Mandhari ni ya kupendeza na uigizaji ni wa hali ya juu. Lakini katika filamu hiyo Mabruki, mwenzake Bombay katika msafara, anafia njiani mikononi mwa mtawala katili, ilhali katika historia Mabruki aliokoka, akasafiri tena na Speke, na miaka baadaye akawa na mpelelezi Stanley. Misafara iliendeshwa kwa ujuzi wa wapagazi wa Kinyamwezi, kwa mikataba, kwa ulipaji wa hongo na kwa ukarimu wa wafanyabiashara wa Unyanyembe, na mtu aliyekulia karibu na tembe la Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, anaweza kuona ni kiasi gani cha mambo hayo kimeachwa ili nafasi ibaki kwa Waingereza wawili wanaogombana. Mhakiki wa London hana sababu ya kuyauliza.

Siku hizi picha hupita zaidi kwenye simu, kwenye flashi zinazojazwa dukani, na kwenye chaneli za king'amuzi. Tamthilia za kila wiki, za hapa nyumbani na za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, zimebadili wakati wa kutoa hukumu. Hadithi haijaisha, kwa hiyo watazamaji hubishana kuhusu kile ambacho mhusika angepaswa kufanya kesho. Pale tamthilia inapoandikwa huku ikirushwa, mwandishi ana nafasi ya kuwasikia watazamaji kabla hajafika mwisho.

Palipobaki pengo ni kwenye filamu za nchi hii zilizosifiwa nje. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka huohuo, iliingia Netflix. Majumba ya sinema ya kibiashara yamebaki katika miji mikubwa michache, na malipo ya intaneti ni mzigo kwa kaya nyingi. Wapo Tabora watu walioisoma riwaya ya Shafi shuleni, wanaomjua Yasmin na Denge ukurasa kwa ukurasa, na ambao wangeweza kusema kwa uhakika ni wapi filamu imeitendea haki riwaya na ni wapi imeipunguza. Wahakiki wa tamasha walitoa maoni yao bila ya hao, na bila maonyesho mikoani, kwenye shule na kumbi za halmashauri, maoni ya hao hayatapatikana.