Tahariri Si Habari

Tahariri ni maoni ya gazeti. Magazeti mawili yakipingana, usidhani lazima moja linasema uongo.

Tazama makato ya nyumba za bei nafuu nchini Kenya. Mwaka 2023 sheria ilitaka mfanyakazi akatwe shilingi 15 katika kila shilingi 1,000 za mshahara. Mwajiri naye atoe kiasi hicho hicho. Novemba, Mahakama Kuu ilisema makato hayo yanavunja Katiba. Machi 2024 sheria mpya ikayarudisha. Hizo ni habari.

Je, makato ni mazuri? Wengine husema yataleta nyumba na kazi. Wengine husema anayekatwa hana hakika ya kupata nyumba. Hayo ni maoni.

Ukisoma tahariri, tenga habari na maoni. Kisha amua mwenyewe, maana mshahara unaokatwa ni wako.