Programu za Kupanga Marejeo na Usalama wa Mgonjwa

Katika maandiko mengi ya tiba, kila dai huambatana na namba inayomwelekeza msomaji kwenye chanzo chake. Huo ni mtindo wa Vancouver, uliopewa jina la jiji la Kanada ambako wahariri wa majarida ya tiba walikutana mwaka 1978. Namba hufuata mpangilio wa kutajwa. Hivyo, chanzo kipya kikiingizwa katikati, namba zote zinazofuata hubadilika. Anayezipanga kwa mkono huweza kuisahau moja, na kipimo cha dawa ya mtoto kikaegemezwa kwenye makala inayohusu watu wazima.

Programu za kupanga marejeo, kama vile Zotero inayopatikana bila malipo, huondoa adha hiyo. Mwandishi huingiza namba ya utambulisho ya makala, yaani ya DOI au ya PubMed, na programu huleta majina ya waandishi, mwaka na jarida. Kisha, akiwa ndani ya Word, huchagua chanzo. Programu hupachika namba mahali pake na kuandaa orodha ya marejeo mwishoni. Namba hiyo isirekebishwe kwa kuandika juu yake, kwani programu haitaweza tena kuihuisha ipasavyo. Andiko likiwa refu na kompyuta ikasuasua, uhuishaji wa papo kwa papo huweza kuahirishwa, ukafanywa mara moja kazi inapokamilika.

Zotero pia humtahadharisha mwandishi iwapo makala anayoitumia inajulikana kuwa imefutwa na jarida. Hata hivyo, programu haipimi maana. Mwaka 1980, barua ya sentensi tano katika New England Journal of Medicine ilieleza kwamba uraibu ulikuwa nadra kwa wagonjwa waliolazwa na kupewa dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulikuta maandiko 608 yaliyoirejelea. Kati yake, 491 hayakutaja kwamba wagonjwa hao walikuwa wamelazwa. Namba ilielekeza kwenye chanzo halisi, lakini dai lilivuka mipaka yake.

Kwa hiyo, muda unaookolewa na programu utumike kuisoma makala yenyewe: ni wagonjwa gani waliochunguzwa, kwa kipimo gani, na kwa muda gani. Mgonjwa naye, akikuta namba katika kipeperushi cha afya, ana haki ya kumwomba mhudumu amweleze chanzo hicho kinasema nini.