Mwindaji na Sheria (2): Risasi Inakwenda Kuishia Wapi?

Wiki iliyopita tulieleza mahali ambapo mwananchi wa Mkoa wa Arusha anaweza kuwinda kwa halali na mahali ambapo hawezi kabisa. Kwa aliyelikosa toleo lile: Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kuanzia msitu wa Ngurdoto na maziwa ya Momella hadi kilele cha Meru, imefungwa kwa mwindaji yeyote, awe na leseni au asiwe nayo. Uwindaji halali uko nje ya hapo, kwenye vitalu na maeneo yaliyoruhusiwa katika tambarare za Longido, Monduli na kuelekea Simanjiro, kwa kibali kinachotolewa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Sheria hiyo inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao. Mwenye kibali amepewa mnyama aliyetajwa kwenye karatasi. Hakupewa pori.

Leo tuingie kwenye risasi yenyewe. Anayetaka kumiliki bunduki huwa ameshaichunguza bunduki hiyo kwa kina: imetengenezwa wapi, bei gani, ina darubini au haina. Risasi humwachia muuzaji amchagulie. Husemwa ajali haina kinga. Katika uwindaji kinga zipo, nyingi zimeandikwa sheriani, na karibu zote zinahusu risasi: ukubwa wake, aina yake, inapopita na inapokwenda kuishia.

Tuanze na ukubwa. Kwa mbogo, tembo na simba, Tanzania hairuhusu raifo iliyo chini ya .375. Namba hiyo ni kipenyo cha risasi kwa inchi, sawa na milimita tisa na nusu hivi. Iliyozoeleka zaidi ni ile ya kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1912: kichwa chake kina uzito wa gramu 19 na ushei, na hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 750 kwa sekunde. Wapo wanaonung'unika kwamba sharti hili limewekwa kwa ajili ya matajiri wa kigeni. Si kweli. Mbogo dume ana kilo 600 na zaidi, ngozi nene, na mbavu pana zinazokaribiana mno. Risasi nyepesi huvunjika njiani kabla ya kuufikia moyo. Mnyama hukimbia na maumivu yake, na kesho yake anayekutana naye kichakani si yule aliyefyatua. Ni mama aliyekwenda kuokota kuni.

Ndiyo maana sheria inamfunga mwindaji kwa mnyama aliyemjeruhi. Anatakiwa amfuatilie hadi ammalize, na akishindwa atoe taarifa haraka kwa wahusika wa wanyamapori. Wawindaji bingwa wenye uzoefu hawakimbilii damu. Husubiri nusu saa hivi, wakisikiliza, kisha huingia taratibu, mfuatiliaji nyayo akiangalia chini na mwenye bunduki akiangalia mbele, kamwe wote wawili wasiinamishe macho kwa pamoja. Mbogo aliyejeruhiwa hupenda kusimama kimya kwenye kichaka kinene karibu na njia aliyopita mwenyewe. Wanaopanda Meru kupitia lango la Momella wanafahamu kwamba hakuna kundi linaloruhusiwa kwenda bila askari mwenye bunduki kwa hofu ya mbogo, na hao ni mbogo ambao hawajaguswa na mtu.

Suala la aina ya risasi halizungumzwi vya kutosha. Ziko risasi zenye ncha laini, ambazo hutanuka zikigonga nyama na kumalizia nguvu zake mwilini mwa mnyama. Ziko risasi ngumu, zilizotengenezwa kupenya moja kwa moja hata kwenye mfupa wa tembo. Mwindaji mgeni huona ngumu ni bora kwa kila kitu. Sasa chukua swala tomi, ambaye hata dume lake halifiki kilo 40. Risasi ngumu humpita kama hayupo na kuendelea na safari. Katika kundi la mbogo hupita kwa wa kwanza na kumjeruhi wa nyuma yake, na huyo wa pili, kwa hesabu ya kibali, ni mnyama mwingine.

Na tambarare za Longido hazina kitu cha kuizuia risasi. Kuna mgunga hapa, mgunga pale, na nyuma yake uwazi. Risasi ya raifo inaweza kufika kilomita kadhaa kabla ya kuanguka. Hata ile ndogo ya .22, ambayo watu huiona ya kuchezea, hupita kilomita moja na nusu. Ndani ya umbali huo kuna boma, kuna kisima, kuna vijana wa miaka kumi wanaochunga mbuzi. Mwindaji makini haangalii swala peke yake. Anaangalia kilicho nyuma ya swala, na kama ni upeo wa mbingu tu, anashusha mtutu hata kama mnyama amesimama ubavu wazi. Anatafuta pembe ambayo nyuma yake kuna kichuguu kikubwa, ukingo wa korongo au mwinuko wa udongo. Mawe hayafai, kwa sababu risasi hugonga jiwe na kugeuza njia.

Wenzetu wa Marekani wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Katika majimbo tambarare yenye mashamba na nyumba nyingi, kama Illinois na Ohio, kwa miaka mingi waliowinda paa wa kule, wale wenye pembe za matawi, walikatazwa raifo za kawaida na kutakiwa kutumia bunduki aina ya shotigani yenye kipande kimoja kizito cha risasi, ambacho hakiendi mbali. Huko pia majimbo mengi humlazimisha mwindaji kuvaa fulana ya rangi ya chungwa inayong'aa. Wanyama wenye kwato hawaitofautishi vizuri rangi hiyo na kijani. Binadamu huiona kutoka mbali. Sijaona sababu ya mfuatiliaji nyayo wetu kutokuwa nayo. Kuhusu mavazi, nguo za mabakamabaka zinazofanana na sare za jeshi raia haruhusiwi kuzivaa, awe porini au mjini. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa siku saba kwa waliokuwa nazo kuzisalimisha. Kaki isiyo na madoa inatosha.

Gari ni chanzo kingine cha maafa. Sheria inakataza kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari au karibu nalo. Unatakiwa ushuke na kujitenga mita 200. Imekatazwa pia kuwinda usiku kwa kumulika. Wengi hudhani makatazo haya ni kwa ajili ya kumtendea haki mnyama tu. Yapo kwa ajili ya watu pia. Barabara za porini zina mashimo, na bunduki iliyokokiwa ndani ya Land Cruiser yenye watu sita haina upande ulio salama. Chemba ibaki tupu mpaka miguu iwe chini na wenzako wawe nyuma yako. Ukifika kwenye korongo la kuvuka, toa risasi, mpe mwenzako bunduki ikiwa wazi, vuka, kisha ipokee. Julai, msimu unapofunguliwa, ukungu wa asubuhi kwenye miteremko ya Monduli hufanya mtu na mnyama wafanane kwa hatua arobaini tu. Asubuhi ya namna hiyo si ya kuwinda.

Kwa wanaowinda kanga na kwale kwa marisau, liko jambo moja la kuliogopa kuliko yote: kuchanganya risasi za geji 20 na za geji 12 kwenye mfuko mmoja. Ya geji 20 ni nyembamba. Ikitumbukizwa kwenye mtutu wa geji 12 huteleza na kukwama mbele kidogo ya chemba, asiione mtu. Mwindaji hudhani hajaweka kitu, anaweka ya geji 12, anafyatua, na mtutu unapasuka karibu na mkono wake wa kushoto. Ndiyo maana viwanda hutengeneza za geji 20 kwa ganda la njano. Tope lililoingia mtutuni ulipojikwaa linaweza kuleta balaa hilohilo. Fungua, ondoa risasi, chungulia mtutu kutokea nyuma uone mwanga.

Gobore nitalitaja kwa uchungu. Linajazwa baruti kwa kukisia, kisha goroli au vipande vya nondo. Hakuna anayejua nguvu yake, hakuna anayejua vipande vitatawanyika wapi, na mtutu wake mara nyingi ni bomba la maji. Linaua mwenye nalo na jirani yake. Zaidi ya hayo, kumiliki silaha au risasi bila leseni kunaweza kukufikisha mahakamani kwa kosa la uhujumu uchumi.

Nyumbani, kwa wakazi wa Njiro, Sakina au Usa River, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka silaha ihifadhiwe salama. Mimi naongeza: sefu moja ya bunduki, nyingine ya risasi, na funguo zisikae pamoja. Hesabu risasi kabla ya safari na baada yake. Ikipungua moja bila maelezo, ripoti polisi siku hiyohiyo. Mtoto akiiokota ataigonga kwa jiwe ili aone inafanyaje.

Na mtu akipigwa? Kutoka Longido hadi Arusha mjini ni kilomita 80 hivi za lami, na kutoka porini hadi lami ni saa nyingine. Damu haisubiri. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote, usiachie ili kuchungulia. Kama ni mguu au mkono na damu inaruka, funga juu ya jeraha kwa mkanda mpana, kaza mpaka ikome, na andika saa uliyofunga. Usijaribu kuchokoa risasi. Mwenzenu mmoja aende kituo cha polisi kwa ajili ya fomu ya PF3 wakati majeruhi yuko njiani kwenda hospitali, msimpitishe yeye kituoni kwanza. Kila kundi liwe limejua kabla ya kuondoka nani ana mtandao wa simu unaoshika eneo lile, na gari gani lina mafuta ya kurudi.

Wiki ijayo: mnyama ameanguka. Nyama ni ya nani, pembe zinaandikishwa wapi, na mkulima wa Ngarenanyuki aliyemuua mbogo shambani kwake kwa kujiokoa anatakiwa kufanya nini kabla ya kuchomoa kisu.